Ng'ombe Nne kwa Gari ya Milango Mbili

Jumatatu, 3 Novemba

Jambo, roho yangu mwenyewe. Umeamuka salama? Jana ulinisumbua sana kanisani, haukusikia hata mahubiri. Mwili uko muzima, paka magoti tu njo yanalia na hii mvua. Tumushukuru Mungu.

Niko nachunga unga wa muhogo tangu asubuhi. Mabeseni mbili tayari. Soko ya Mubi imejaa matope mpaka chini ya meza. Watu wananunua hivyo hivyo. Tumbo haingoji jua.

Baraka amerudi na piki yake, suruali imepasuka kwenye goti, damu imekauka. Ameanguka njia ya machimbo. Anasema si kitu. Kila mara si kitu. Mutoto wangu wa pekee, na anacheka wakati ninamuosha kidonda: "Mama, polepole, mimi si sufuria."

Juma lililopita tulizika motari mwenzake, mwenye kubeba abiria na piki kama yeye. Nimechoka. Kila piki inayopita, sikio langu linatoka nje.

Jumanne, 4 Novemba

Papa Justin, ule muchuuzi wa mabati na sementi, ameleta gari. Gari ya Japani, nyekundu, milango mbili tu, ile ya watu wa mbio. Haikuja kwa magurudumu yake. Imekuja juu ya lori, imefungwa kamba na kufunikwa shitingi kama ng'ombe mugonjwa. Soko yote ilikimbia kuangalia wakati wanaishusha juu ya mbao.

Iko muzuri. Niseme kweli. Nimeigusa na mukono wenye unga, nikaacha alama ya vidole. Baraka akaifuta na shati yake. Nikaona uso wake. Hivyo njo baba yake alikuwa anaangalia ng'ombe.

Jioni akanieleza. Papa Justin hataki pesa. Alinunua hiyo gari juu ya uzuri wake tu, sasa anajuta, anataka kufuga. Anaomba zile ng'ombe nne marehemu bwana wangu alizotuachia kule Bihambwe, wakati tulikimbilia huku. Baraka atakodisha gari kwa ndoa. "Mama, watu wa machimbo wanaoa kila Jumamosi, na bibi-arusi anapandishwa piki, gauni imefungwa na kamba isiingie mu munyororo. Si ni haya?"

Ni haya, kweli. Nimeona mwenyewe.

Anasema akipata gari, piki anauza.

Alhamisi, 6 Novemba

Nawaza tu. Unga umemwagika mara mbili.

Anashuka kwenye piki. Hiyo peke yake ingetosha. Anakuwa na bati juu ya kichwa, anavaa shati nyeupe, anabeba watu wenye furaha. Na tena ng'ombe leo ziko, kesho wenye bunduki wamezichinja. Jirani yetu wa Bihambwe aliamuka akakuta paka kamba tu.

Lakini tumbo la hiyo gari liko chini sana. Kuku anaweza kulizuia. Volani ya kuendeshea iko kuume, na hapa kwetu tunafuata kuume ya njia, basi ukitaka kupita lori, wewe dereva hauoni kitu. Nikamuuliza Baraka atafanya aje. "Wewe Mama utakaa pembeni, utakuwa macho yangu." Mimi ambaye ninafunga macho hata kwenye baiskeli! Kioo ikivunjika, ni mpaka Goma, na njia ya Goma siku hizi Mungu pekee anaijua. Na kwenye barieri za wenye bunduki? Gari nyekundu inafika mbele ya watu wenye njaa, haina haja ya kusema. Wataona yenyewe: huyu iko na kitu.

Nimepigia shemeji, Papa Mateso, mwenye kutuchungia ng'ombe.

"Mama Baraka, ng'ombe inazaa. Hiyo gari inazaa nini?"

Nikasema sijui.

"Inazaa kusukuma."

Akacheka mpaka uniti za simu yangu zikaisha. Lakini mbele ya kukatika alisema vizuri: ng'ombe ni za mutoto na mama yake. Nitakalosema, yeye atafuata.

Sikumwambia habari ya goti.

Nimeomba. Halafu nimejiuliza kama niliomba Mungu anionyeshe njia, ao niliomba akubali. Ninataka hiyo gari. Siiamini hata kidogo, lakini ninaitaka.

Ijumaa, 7 Novemba

Kesho ni ndoa ya Esther, binti wa kanisa letu. Mimi njo marraine, nitamusimamia. Papa Justin ametuazima gari tuijaribu. Baraka amekwenda kutembea njia yote kwa miguu, kutoka kwa baba ya Esther mpaka kanisani. Amejaza mashimo na mawe. Amekosa hata chakula. Mutoto huyu akitaka kitu, anakitaka na mifupa.

Siku ya Mungu, 9 Novemba

Jana sikuandika. Nilikuwa na haya, na mbavu zinauma.

Kwetu bibi-arusi anatoka kwa baba yake katikati ya wanawake wawili, shangazi yake na marraine. Hawamuachi mpaka mulango wa kanisa. Hata njia ikiwa fupi, hata mvua ikinyesha. Kila muntu anajua. Baraka alipima mashimo, alipima mawe, alipima hata upana wa daraja. Hakuna mwenye alitupima sisi wanawake.

Nyuma ya hiyo gari kuna viti viwili vya kama watoto wa shule. Kuingia, unainamisha kiti cha mbele, unapita kama mbuzi kwenye uzio. Shangazi Faida alikuwa wa kwanza. Yeye na mimi, Mungu hakutunyima mwili.

"Baraka, hii ni gari ao ni kikapu cha kuku?"

"Shangazi, inamisha kichwa kwanza."

"Kichwa haina taabu, mutoto wangu. Taabu iko nyuma!"

Watu wakaangua kicheko. Nikamusukuma, akaingia. Mimi nikafuata, nikakaa nusu juu yake. Nafasi ya Esther katikati yetu hakuna, hata ya kitambaa. Kukabaki kiti cha mbele, pembeni ya Baraka. Kijana hajaoa.

Baba ya Esther akasimama mbele ya mulango. "Binti yangu hatoki hapa pembeni ya kijana mwingine. Watu watauliza nani njo anamuoa."

Na wale motari wenzake walikuwa pale juu ya piki zao, wanapiga honi. "Baraka! Mahari ulipeleka siku gani? Haukutualika!"

Baraka hakucheka.

Kutoka ilikuwa mubaya kuliko kuingia. Walinivuta mikono, wawili, kitenge changu kipya kikapasuka kwenye mushono. Esther, Mungu amubariki, akavua viatu vyake, akashika mukono wangu na wa shangazi, akasema twende. Tukaenda kwa miguu, wamama wakaimba. Gari ilitufuata nyuma, tupu, polepole. Mbele ya kanisa ikakaa juu ya tumbo lake kwenye mutaro. Walewale motari njo waliiinua.

Ndoa ilikuwa muzuri. Baraka hakuingia. Alibaki amekaa ndani ya gari, mikono juu ya volani, mpaka watu wote wakatoka. Nilisimamia bibi-arusi, na macho yangu yalikuwa nje.

Leo nimeenda ibada peke yangu.

Jumanne, 11 Novemba

Amesema leo, wakati wa kula. Anataka kuanza njia ya Buleusa, ile ndefu ya pori. Abiria wa kule wanalipa vizuri sababu motari wachache wanakubali. Ninajua sababu wachache wanakubali. Yeye pia anajua.

Nikaacha kula. Nikamwambia: chukua gari. Kesho nitapigia Papa Mateso, alete ng'ombe.

Akaniangalia. "Mama, si uliona mwenyewe haiwezi?"

"Niliona."

"Basi itafanya kazi gani?"

"Itakaa hapa nyumbani, mu lupango."

"Na mimi?"

Nilitazama yale majani ya sombe kwenye sahani.

Akaelewa. Hakukasirika, na hiyo njo iliniumiza. Akasema: "Ng'ombe nne juu ya kunifunga nyumbani. Ungenifunga na kamba tu, Mama, ni bei rahisi." Akajaribu kucheka. Halafu akasema polepole kwamba zile ng'ombe ni jasho la baba yake. Hawezi kuziweka mu kitu kinachokaa, na yeye mwenyewe akae karibu yake, kijana muzima, anakifuta vumbi. Eti afazali matope ya njia.

Nilikasirika. Nikamwambia maneno. Nikamwambia kaburi pia ni kitu cha kukaa. Sasa najuta. Neno lile halirudi.

Na nimemukasirikia Mungu pia. Niandike tu, Yeye anajua. Nilikuwa tayari kufanya ujinga kwa macho yangu wazi, kuutoa urithi wote wa nyumba hii juu ya bati nyekundu, na ningeimba asante. Amenikatalia kwa mudomo wa mutoto wangu mwenyewe.

Jumatano, 12 Novemba

Baraka amerudisha ufunguo. Ameenda peke yake, hakutaka nimusindikize. Papa Justin amefunika gari tena na shitingi, anangojea mununuzi mwingine.

Nimemuomba Baraka samahani juu ya lile neno la kaburi. Amesema nilikuwa na njaa.

Ijumaa, 14 Novemba

Ameondoka asubuhi. Abiria ni muuguzi mumoja, papa muzee, anarudi kwake Buleusa. Nimempa Baraka muhogo wa kuchemsha na karanga. Ameinama mwenyewe, akaniachia niweke mikono juu ya kaske yake ya piki. Nimeomba ombi fupi. Yule muuguzi alivua kofia, akasema amina kwa nguvu kutupita.

Mvua haijanyesha. Nimechunga unga, beseni moja tu. Mama Shukuru wa meza ya pembeni ameniletea chai, hakuuliza kitu.

Papa Mateso amenipigia. Ile ng'ombe ya madoa imezaa, jike. Nikasema Mungu asifiwe. Nilisema kweli.

Hapa sokoni rezo ya simu inakatika. Nimepanda mpaka nyuma ya kanisa, pale inashika vizuri, nikaandika ujumbe:

Baraka mutoto wangu, mama yako iko muzima, nimekula. Nyumbani kuko salama. Musalimie papa muuguzi. Ukifika, unijibu mbio.