Kumvusha Korbinian Mlimani

Jumanne, 16 Januari

Kaka Korbinian kaamua. Jumapili mjukuu wake anabatizwa Sandrain, upande wa pili wa mlima, na yeye hapandi basi. Atakwenda kwa skii, akiteleza juu ya theluji. Kipofu! Huu mwaka wa tatu haoni hata mwanga wa dirisha, na anataka kuvuka mlima mzima.

Kanitangazia mezani, mdomo umejaa mkate. Basi linazunguka mabonde yote, nusu siku inaishia barabarani. "Na tangu lini watu wa Lahn wakaenda ubatizo wa Sandrain kwa basi? Utanipeleka wewe."

Hakuniomba. Kaniambia. Kwake mimi bado ni yule Afra mdogo anayelia vidole vikimganda. Nina miaka arobaini na minne! Nusu ya watoto wa bonde hili nimewafundisha mimi kusimama juu ya skii, na baadhi ya mama zao pia.

Nikasema sawa. Papo hapo. Najijua, naweza.

Baada ya chakula Gundula, binti yake, mama wa mtoto, kapiga simu. Sauti ya juu, kichanga kinalia nyuma yake. "Shangazi, ukimvunja Baba mguu, keki yangu hutaionja!"

Nimemwambia aoke kubwa.

Jumatano, 17 Januari

Walimu wenzangu wa shule ya skii wamecheka. Mpitishe njia za buluu tu, wanasema, umemaliza kazi.

Rangi! Wageni wanaabudu rangi. Buluu rahisi, nyekundu ya wastani, nyeusi balaa. Walimu nao wameanza? Ile buluu ya msituni ni nyembamba kama ushoroba. Huku mwamba, huku korongo, katikati watoto wa darasa la kwanza wamepangana kama vifaranga vya bata. Nimpitishe kipofu hapo? Thubutu! Nyekundu ya Mahder ina mteremko mkali zaidi, lakini ni pana kama uwanja, mashine huisawazisha kila usiku, na asubuhi mapema haina mtu. Kipofu haogopi mteremko. Anaogopa kukosa nafasi.

Kwa hiyo: lifti ya kwanza ya asubuhi. Mahder inatazama mashariki, jua linaifikia mapema, barafu ya usiku inalegea. Tunashuka Mahder, tunapanda lifti ya viti mpaka Ukingoni, juu kabisa. Upande wa Sandrain tunashika buluu yao. Ile ni buluu ya kweli, pana, haina kona za hila, mpaka kituo cha katikati. Pale hakuna barabara. Tunaingia kwenye magari ya waya, yale yanayoning'inia hewani, yanatushusha mpaka kijijini. Njia pekee ya kushuka mpaka kijijini kwa skii, Mimbari, hatuigusi. Mchana theluji yake ni uji, miguu imechoka, na kila aliyelewa kwenye vibanda vya juu anarudi kwake kwa njia hiyo.

Zeno wa lifti ya viti atatupunguzia mwendo tukipanda na kushuka. Kwa ajili ya Korbinian, kasema, ataisimamisha kabisa, hata nyuma yetu awe kapanga foleni askofu.

Alasiri tumejaribu kwenye kilima cha wanaoanza. Mimi nyuma, yeye mbele, redio ndani ya kofia zetu ngumu. "Kushoto... shikilia... kulia... nyooka... simama." Goti lake zito kidogo, basi. Mwili haujasahau kitu. Watoto wakampigia makofi. Akageuka akainama kwa heshima—akiielekea miti!

Nimecheka mpaka machozi yakaganda.

Ijumaa, 19 Januari

Nina hasira, ngoja niandike.

Mahder, asubuhi. Hewa safi, theluji imepigwa mistari kama kitambaa cha kodrai. Alianza polepole, akaongeza. Nasema kushoto, tayari yuko kushoto. Nasema kulia, keshakwenda. Nikafurahi! Nikajisifu moyoni: tumeelewana kama miguu ya mtu mmoja.

Upuuzi mtupu. Hakuwa ananisikiliza.

Chini ya kona ya pili nikasema kushoto. Akanyooka. "Kushoto! Kaka! Simama!" Ananyooka tu, kifua mbele, anavuma kama jiwe lililorushwa. Akaingia kwenye wavu wa usalama, skii moja ikaruka juu.

Nilifika pale. Kalala ndani ya wavu kama samaki, anatema theluji, kakasirika yeye!

"Nani kaweka wavu katikati ya njia?"

"Si katikati ya njia. Nyuma yake kuna bwawa."

"Bwawa gani? Hapa pana misonobari mitatu, na njia inanyooka!"

"Bwawa la maji ya kutengenezea theluji. Walilichimba. Misonobari imekatwa, Kaka. Njia inakata kushoto siku hizi."

"Afra, mlima huu nimeusawazisha kwa mashine zaidi ya miaka ishirini. Usinifundishe."

Na mimi nikapandwa na hasira. Nikamwambia ule mlima anaoushuka yeye haupo tena. Uko kichwani mwake tu.

Akavua glovu, akaupapasa wavu, tundu moja baada ya jingine, kama anayetafuta mahali ulipokosewa. Kisha akasema nimletee skii yake.

Sehemu iliyobaki kashuka kwa utii. Kulia, kulia. Kushoto, kushoto. Mabega yameanguka. Ndicho nilichokuwa nakitaka, na sikukipenda hata kidogo.

Hajaumia. Kakwaruzwa kidevu. Gundula simwambii.

Jumamosi, 20 Januari

Asubuhi mezani. Kahawa kimya, redio ya jikoni kimya. Nikajua atasema: tupande basi. Nikawa naandaa uso wangu wa kusema vyema, Kaka, ni busara—huku moyoni sitaki alitamke.

Nikaenda kukanda madonge ya mchana. Mkate mkavu, maziwa, mayai, nyama ya moshi. Akaja akaketi, akaweka mikono juu ya meza.

"Nioneshe."

"Nini?"

"Mlima. Huu wenu wa sasa."

Nikamwaga unga wote uliokandwa juu ya ubao. Nikaujenga: hapa Lahn, hapa Mahder, hapa nikabonyeza bwawa kwa kijiko. Nikamshika kidole nikakipitisha njia nzima. Akataka tena. Akataka peke yake. Kwenye bwawa kidole kikasimama, kikazunguka ukingo wake, kikakata kushoto.

"Na hii nini? Wamejenga mgahawa mwingine?"

"Hicho ni kipande cha nyama."

Kacheka! Mara ya kwanza tangu jana. Tukaendelea mpaka Ukingoni, tukavuka, tukashuka buluu ya Sandrain. Akauliza mambo ya mtu anayejua kazi: theluji inarundikwa upande gani na upepo? Wapi njia mbili zinakutana, watu watokee ubavuni? Yote nikayajibu. Kisha akasema, bila kuinua uso, kwamba misonobari ile mitatu alikuwa anaizunguka na mashine kwa makusudi, asiiguse mizizi. Wakubwa walimgombeza kila mwaka.

Sikujua.

Halafu tukauchemsha mlima tukaula. Kaomba aongezewe.

Jumapili, 21 Januari

Niko kibandani Ukingoni. Naandika kwa penseli, kalamu imeganda. Supu iko mbele yetu. Lazima niandike, nipate kufikiri.

Asubuhi! Siwezi kuieleza. Mahder peke yetu, jua linaingia ubavuni. Kwenye kona ya pili nikasema kushoto na yeye akangoja—nilikuona kule kungoja, kudogo kama pumzi—ndipo akageuka na neno langu. Tukapita bwawa. Akapiga kelele ya furaha, mpaka Zeno kaisikia chini kwenye lifti. "Nani huyo, ng'ombe katoka zizini?" Kaka akamjibu kwamba fahali hana haja ya mlango. Zeno akapunguza mwendo wa viti, akampiga mgongoni, akasema amsalimie mtoto.

Juu tukakuta upepo. Si wa kutisha, lakini ni wa pembeni, ule usiopendwa na waya. Mwanamke wa kibanda katuambia kabla hatujakaa: magari ya waya ya Sandrain yamesimamishwa. Leo hayatembei.

Basi buluu yangu nzuri haina maana. Itatufikisha kituo cha katikati na kutuacha pale, bila barabara, kama mizigo.

Zimebaki mbili. Turudi Lahn upande wa Mahder, kwa viti vilevile vya Zeno, sasa hivi, kabla upepo haujavifunga navyo. Au tushuke Mimbari. Njia nyekundu, inaanzia hapa juu na kuishia karibu na mlango wa kanisa. Sikuipanga. Niliikataa tangu Jumatano.

Nimekwenda kuitazama, nimemwacha na supu. Pana. Hakuna mtu. Kipande cha juu kimefagiliwa na upepo: barafu tupu, inang'aa, skii inapiga kelele ikiikanyaga. Chini yake theluji njema, laini, mpaka mapaa ya Sandrain. Mnara wa kanisa unaonekana.

Nimerudi. "Sema ukweli," kaniambia.

"Mwanzo ni barafu. Baadaye hakuna shida. Lakini ukianguka juu pale husimami mpaka barafu iishe."

"Wewe peke yako ungepita?"

"Huku naimba."

"Na ukiwa nami?"

Simu ikalia, ikaniokoa. Gundula. Padri kafika, mtoto kavishwa, mko wapi? Nilikuwa nasikia sauti yake kutoka upande wangu wa meza. Kaka kajibu taratibu: "Tuko juu ya paa lako, mwanangu. Shangazi yako anaangalia njia. Akisema turudi, tunarudi, nanyi mtambatiza bila mimi."

Turudi. Ana miaka hamsini na saba na neno hilo sijalisikia kinywani mwake. Wala hakulisema kwa uchungu. Kalisema kama mtu anavyosema chumvi iko pale.

Wiki nzima nimekuwa hodari. Hodari wa ramani, wa jua, wa rangi. Ilikuwa rahisi; yeye alikuwa anavuta, mimi nazuia. Sasa kaacha kuvuta.

Nahesabu upya. Mabega yake yako sawa. Goti limepata joto. Tangu asubuhi hajanitangulia hata neno moja. Kwenye barafu huwa nawaambia wanafunzi wasigeuke, wateleze kwa ubavu tu, skii zimekaa kukingama mteremko, taratibu, kama mtu anayepaka siagi. Hilo analijua kuliko mimi. Kinachobaki ni sauti yangu isitetemeke.

Upepo umetulia kidogo. Au nataka utulie?

Kamaliza supu. Kafunga buti, kavaa kofia, kawasha redio. Nimesikia mlio wake sikioni mwangu. Buti hufungwa vilevile kwa njia zote mbili. Hajauliza ni ipi.

Nje ya mlango, kushoto ni Lahn, kulia ni Mimbari. Kasimama, skii begani, uso kauelekeza hapa nilipo. Anangoja neno la kwanza.