Bibi, Mjomba Ameitikia

Mke mwenzangu,

Leo nakuita hivyo mimi, maana wewe uliniita hivyo miaka yote, ukidai nimekuja kukunyang'anya Babu. Babu mwenyewe alikufa kabla sijazaliwa. Ulikuwa mchokozi, Bibi, na uchokozi wako ndio ninaoukosa zaidi.

Nina habari. Ila ngoja niende polepole, nataka kuifaidi.

Unakumbuka nilivyokuja kwako Chilangala. Pikipiki iliyotubeba mimi na Mama kutoka Masasi iligongana na lori. Mama akafa pale pale barabarani. Mimi nikatoka mzima, ila sauti haikutoka. Hospitali walinimulika kooni wakasema koo halina kasoro. Ukarudi nami nyumbani, mkono mmoja umenishika mimi, mwingine umeshika kanga ya binti yako.

Kunyamaza kungevumilika kama si salamu. Mtoto asiyeamkia wakubwa, kwetu huyo hana malezi. Nilipopita na ndoo, wanawake walinikodolea macho wakisubiri shikamoo, nami nikapiga goti tu. "Katoto kana kiburi hako," walisema, tena mbele yangu. Watu wakiona husemi hudhani husikii pia.

Wewe hukunibembeleza niseme. Kila asubuhi nilipotoka chumbani ulisimamisha ufagio, ukanitazama, ukasubiri kidogo, kiasi cha mtu kutamka shikamoo, kisha ukaitikia: "Marahaba, mke mwenzangu. Umeamkaje?" Basi. Ukaendelea kufagia na kugombana na kuku. Uliitikia salamu ambayo hakuna mwingine aliyeisikia.

Na umekufa hujaisikia. Hilo linaniuma, siwezi kulipamba. Siku ile ya mwisho nilikushika mkono, mdomo ukafunguka, na hakuna kilichotoka. Hakuna, Bibi.

Sasa habari yenyewe. Siku ya arobaini yako ndugu walikaa kikao uani. Mjomba, mwanao, alikuja kutoka Masasi. Si mtu mbaya, unamjua, ila akishaamua jambo humtikisi. Akasema shule yangu ya sekondari kule Mkunya basi, niiache: mtoto hasemi, darasani anafanya nini? Aende naye Masasi akapange bidhaa dukani kwake, kazi isiyotaka maneno. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa pale pale, napitisha sinia la ming'oko, vile viazi mwitu vya kuchemsha, mimi niliyeongoza hisabati kidato kizima!

Nikaweka sinia chini. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akajibu, kama mtu yeyote anavyojibu, kabla hajajua nani kamwamkia.

"Siendi Masasi. Nasoma, na nitamaliza."

Jirani yetu Bi Asumini akapiga kigelegele, akakumbuka kwamba tuko kwenye arobaini, akajiziba mdomo kwa kanga. Mama mdogo akaanza kulia. Mzee mmoja akanikemea kwamba mtoto wa kike hajibizani na mjomba wake, lakini Bi Asumini akamkata: "Hajajibizana. Kamwamkia, na mwenyewe kaitikia. Sasa asikilizwe."

Nikasikilizwa, Bibi. Nilieleza habari za masomo, za mitihani, za ualimu ninaoutaka, nikaeleza mpaka nikapaliwa. Ungekuwepo ungejidai kuliko mimi, na mimi nilijidai kweli. Sasa niko kidato cha tatu. Mwalimu ameshanihamisha dawati kwa sababu ya kelele zangu.

Lakini kuna jambo ambalo sikulielewa siku ile. Mjomba hakubisha hata neno moja. Alikuwa amejifunika uso kwa viganja, nami nikadhani nimemkasirisha. Wakati wa kuondoka akaniita pembeni. Akasema kwamba mimi nilinyamaza nikiwa mtoto, na sauti yangu imekua humo ndani bila mtu kuisikia. Iliyotoka uani si ile ya kitoto waliyoizoea. Ni ya Mama. Ile ile, na mkwaruzo wake.

"Nimemsikia dada yangu," akasema, akapanda gari bila kuaga wengine.

Pumzika, Bibi yangu. Ukikutana na Mama, mwambie sauti yake haikuzikwa, ninayo mimi. Nakuahidi sitairudisha ndani tena.

Mjukuu wako,
Somoe