Landrova Ipo Mteremkoni

Shemeji Mayala,

Nimelazimika kwenda Igunga na lori la pamba ya kijiji. Betri ya Landrova imechoka, kwa hiyo nimeiegesha mteremkoni. Washa swichi, weka gia ya pili, kanyaga klachi, mtu akutolee jiwe gurudumuni. Ikishika kasi, achia klachi.

Alfajiri nikijaza maji kwenye rejeta, dada yako alinicheka, eti naijali Landrova kuliko yeye. Nikanuna, nikaacha uji. Lakini nilimwona ameshika kiuno.

Akisema bado, usimsikilize. Mara ya kwanza alisema hivyo hivyo, Tatu akazaliwa barabarani Puge, mimi nikiwa chini ya gari nazibua bomba la petroli.

~~Mwambie bado nimenuna.~~ Mwambie uji wangu aunywe, na maji yale ya rejeta yalikuwa ya kumfikisha yeye hospitali, Kitete.

Baba Tatu