Makopo ya Mtambile

Dada Rukia, shikamoo.

Mtambile yote inanukia karafuu, isipokuwa mimi. Daktari ninayemtafsiria anachunguza ukoo uliorithi mafuta mengi kwenye damu, mpaka kope zimeota vinundu vya manjano. Anataka kujua miili yao huyatoaje, basi kila mmoja kapewa kopo atie choo chake.

Bi Time, mkubwa wao, kaninong'oneza: "Choo changu akichukue mgeni, akanifanyie mambo?"

Makopo yote kayajaza mkwe wao kutoka Gando, asiye hata wa damu yao. Daktari kafurahi: ukoo mzima umefanana, huo ndio urithi.

Jana kataka na langu, la kulinganishia. Mimi msomi, siamini uchawi. Nimempelekea mkwe kopo.

Nibusie watoto, na umwombee mkwe wa watu asije akafunga choo.

Mdogo wako,
Khamis