Jibu Nililomnong'oneza Okoth

Mjukuu wangu Ochieng',

Bwana asifiwe. Hapa Ahero maji ya mafuriko yametoka nyumbani, na nyanya yako anakusalimu sana.

Unaniuliza kama unaweza kumficha daktari kwamba uligongwa kichwa, ili ucheze raga wiki ijayo. Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza kwa nini niliacha kuchezea Kenya nikawa mwalimu. Hili sijawaambia.

Rafiki yangu Okoth aligongwa kichwa tukicheza. Daktari akamuuliza, "Leo ni siku gani?" Okoth akanitazama tu. Tulikuwa tunashindwa, na bila yeye tungemalizwa. Nikamnong'oneza kwa Kijaluo, huku nacheka kama ninamtania: "Jumamosi, mjinga wewe!" Daktari hakujua Kijaluo. Okoth akajibu, akarudi uwanjani, akagongwa tena.

Sasa yuko kwake, mtaa wa Migosi. Huwa nampelekea samaki Jumapili baada ya ibada. Juzi aliniuliza kama mimi ndiye fundi wa bomba. Mkewe akaniomba msamaha. Mimi! Mungu nimemwambia mara nyingi, lakini mama huyo bado sijaweza.

Usicheze, baba. Daktari akikuuliza, jibu mwenyewe, hata kama jibu ni "sijui".

Babu yako anayekuombea