Waya Usio na Lebo

Dada mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za leo. Miaka miwili nimejifunza kazi ya mitandao ya kompyuta kwa video nikiwa kwenye kochi la dada yangu, vyeti ninavyo vitatu, basi juzi shemeji akanipeleka kwa fundi anayetunza mtandao wa zahanati nikajaribiwe siku moja, nikategemea tutakaa tuzungumze kama wahandisi, kumbe nikapewa ngazi nipande darini nivute waya, nikashuka na utando wa buibui kichwani, halafu kwenye kabati la mitambo nikaona waya mmoja hauna lebo, nikaona unaharibu mpangilio, nikauchomoa, mara mapokezi wakalalamika kompyuta zimekatika na foleni ya wagonjwa imesimama, nami nikatokea mlango wa nyuma nikazima simu. Sasa fundi amemwambia shemeji nianze Jumatatu saa mbili, kazi yangu kubandika lebo. Dada anasema nisipokwenda nimwachie kochi lake. Je, mwenye vyeti vitatu avumilie dharau hii, au asubiri kazi ya hadhi yake?

Mhandisi, Bado Kidogo

Marahaba, Mheshimiwa, ingawa kwa hadhi yako huenda ni mimi niliyepaswa kukuamkia. Barua yako nimeisoma mtoto akiwa begani ananicheulia maziwa, na kati yenu wawili sijui nani wa kubebwa.

Pole kwa buibui. Video hazina dari, ungejuaje? Mimi mwenyewe kazi hiyo ya mitandao niliianza kwa waya hizohizo nikiwa na mimba ya miezi sita, na ngazi haikuniuliza vyeti.

Umesimamisha foleni ya wagonjwa, umemwachia mwenzio atafute ulichochomoa, na bado anakuita. Hiyo ndiyo dharau? Wengine wangebadilisha kufuli. Anayebandika lebo lazima aufuate kila waya mpaka unapoishia, mdogo wangu. Ukimaliza, utalijua jengo lile kuliko mwenye nalo. Fundi anakufundisha, tena bila matangazo katikati.

Najua kinachokuuma ni kupita pale mapokezi. Aibu hiyo itakwisha kabla ya saa nne. Washa simu leo, umpigie, umwombe radhi kwa sauti yako mwenyewe. Jumatatu ufike saa moja na nusu, uingilie mlango wa mbele, uwasalimie. Vyeti vibaki kwenye kochi, vimelizoea. Lebo ya kwanza ubandike kwenye waya uleule, kwa herufi kubwa: MAPOKEZI. USICHOMOE.