Kinanda cha Mama Hakitoki Mlangoni

Jumatatu, 2 Juni 2025

Sijamwambia mtu yeyote: ninakiharibu kinanda cha Mama, ile piano yake kubwa. Kwa makusudi! Baba mdogo Malimi akitoka tu, nachukua ule ufunguo wa kukazia nyuzi, nalegeza mbili. Kesho mbili nyingine.

Anataka kukiuza. Siku ya kuanua matanga ya Mama alisema ni mali ya ukoo, kisha akaniuliza mbele ya watu wote, una neno, Teodora? Nilikuwa nimeshika trei ya soda. Nikasema sina. Na Mama alinipa mwenyewe, kwa mdomo wake!

Basi auze makelele. Aaibike.

Jumatano, 4 Juni

Ametangaza kwenye magrupu ya WhatsApp. Kinanda cha miguu mitatu, kimetunzwa, hakina hata mchubuko. Kimetunzwa na nani? Nani anabadilisha mkaa kwenye beseni chini yake ili unyevu wa ziwa usikiingie? Yeye anatupia funguo za pikipiki juu yake.

Leo nimelegeza nne. Bonasi.

Jumamosi, 7 Juni

Mteja kaja. Mzee Chenge, ana ukumbi wa harusi Usagara. Shikamoo yangu hata sidhani aliisikia. Akagongagonga mbao kama ananunua kabati. Akauliza, kinapokea flashi?

"Kinapokea kila kitu, bosi wangu!" Baba mdogo huyo.

Halafu: "Teo, hebu kipige mzee asikie."

Nilikuwa naisubiri hiyo. Nikapita kwenye nyuzi zote nilizolegeza — bati tupu, mbuzi anakabwa! Nikamtazama mzee usoni kabisa.

Akapiga makofi. "Sasa hizi ndizo sauti za kizungu!"

Amekinunua. Atakipaka rangi nyeupe, kifanane na viti vya maharusi.

Kumbe niliyemuumiza wiki nzima ni Mama.

Jumatatu, 9 Juni

Hakitoki mlangoni! Wabebaji sita, tangu asubuhi, wanakiinua, wanakigeuza, wanatukanana. Baba mdogo anafoka: mlango ni huuhuu, kiliingiaje? Mimi chumbani, nacheka ndani ya mto.

Kiliingiaje! Miguu inafunguka. Tulipohamia hapa Kiseke kutoka Misungwi, nilimshikia Mama skrubu zake. Nyumba hii nzima anayejua ni mimi tu. Mimi!

Mzee Chenge amechoka, ana harusi Jumamosi. Anasema kateni hiyo miguu, fundi wake atachomelea ya chuma. Na baba mdogo, eti: "Kata tu, bosi, si kishakuwa chako."

Mbebaji mmoja amefuata msumeno kwa jirani.

Nikisema, kinaondoka kizima, na baba mdogo anachekelea. Nikinyamaza, kinakatwa. Naandika mbiombio, mwandiko gani huu.

Msumeno umefika. Nasikia wanabishana waanze na mguu upi.

Viatu vya baba mdogo, kwenye korido. "Teo! We Teo! Si wewe uliyekuwa unashinda na mama yako kwenye hili dude? Njoo useme!"

Useme! Siyo tafadhali, siyo mwanangu. Aniombe. Aniombe kwanza —

Kitasa kinazunguka. Daftari chini ya godoro, haraka